Kuchoma, kuchomelea au kulehemu? Maelekezo ya kuunda stendi ya mazoezi

SWALI: Ninaunda stendi za skwati na benchi za mazoezi katika karakana ndogo nyumbani. Kijana ninayefanya naye kazi ninamwandikia maelekezo kama haya: "Kata bomba nene la 60. Choma fremu, upana 1200. Ukichoma pima kona. Choma matundu ya 17 kila baada ya 50, kisha funga bolti." Kazi hurudi na makosa. Mteja wangu mmoja, mwalimu, anasema "kuchoma" si Kiswahili sanifu, niandike "kulehemu". Je, yuko sahihi? Na kwenye karatasi ya dhamana niandike "stendi ikipinda" au "ikipindwa"?

JIBU: Mwalimu ameona penye kasoro, lakini dawa aliyoitoa si ya ugonjwa huo. Kitenzi cha kazi yako ni kuchomelea. Kulehemu ni kazi nyingine, na kuchoma ni neno sanifu kabisa, ila ni pana mno kwa maelekezo ya karakana.

Tuanze na kuchoma. Nyama huchomwa, matofali huchomwa, sindano huchomwa, mwiba huchoma. Neno hili limebeba moto na limebeba ncha kali, yote mawili kwa pamoja. Ukimwambia kijana "choma fremu" atakuelewa, kwa kuwa fremu haichomwi kwa maana nyingine yoyote. Lakini ukimwambia "choma matundu" umemruhusu kupandisha ampea, kusukuma elektrodi (ule ufito wa mashine ya kuchomelea) na kuyeyusha chuma mpaka kitoboke. Kwa Kiswahili hajakosea hata kidogo, ametii. Tatizo ni tundu lenyewe. Tundu la moto halina duara kamili, kingo zake zina vinundu ndani na nje, na pini ya milimita 16 ama haipiti, ama inapita na kucheza. Ndoano ya kuwekea baa (chuma kirefu kinachobeba sahani za uzito) ikikaa kwenye tundu la namna hiyo inalala upande, na uzito wote unaegemea ukingo mmoja. Hapo neno ni kutoboa, na utaje na kifaa: "toboa kwa drili". Anza na ncha ya milimita 6, fuatisha ya 10, malizia na ya 17, kwa mwendo wa polepole na tone la mafuta kila mara.

Chomelea limetoka kwenye mzizi uleule. Choma katika kauli ya kutendea ni chomea. Kauli hiyo ikirudiwa unapata chomelea. Kiswahili hufanya hivi mara nyingi pale tendo linaposhikamanisha kitu au linapofanywa hadi likamilike: shika ikawa shikilia, piga ikawa pigilia (msumari), tupa ikawa tupilia mbali. Kwa hiyo kuchomelea ni kuchoma ili kitu kishike mahali pake, na hiyo ndiyo kazi ya mashine yako. Kutokana na kitenzi hiki tuna uchomeleaji, mchomeleaji na mashine ya kuchomelea, na kauli ya kutendwa inakubali vizuri: mguu umechomelewa. Sioni sababu ya kuliacha neno lililojengwa vizuri kiasi hiki.

Lehemu ni neno la asili ya Kiarabu, na maana yake ya tangu zamani ni kuunganisha madini kwa kuyeyusha madini mengine laini katikati, kama bati au risasi. Fundi redio hulehemu nyaya. Fundi bati alilehemu birika. Katika kulehemu, vipande vinavyounganishwa haviyeyuki. Kinachoyeyuka ni kile cha kati, kwa joto lisilofika nyuzi 450 za Selsiasi. Katika kuchomelea, kingo za vipande vyenyewe huyeyuka, kwenye nyuzi karibu 1500, zikachanganyika na chuma cha elektrodi na kuwa kitu kimoja. Najua wapo wanaotumia kulehemu kwa kazi zote mbili, na katika mazungumzo haidhuru. Kwenye maandishi ya karakana ninasisitiza zitengwe, kwa kuwa kiungo kilicholehemiwa hakifai kubeba baa juu ya shingo ya mtu.

Sasa vipimo, na hapa ndipo penye hasara kubwa zaidi.

"Bomba nene la 60" lina utata wa pande mbili. Unene wa mti ni ukubwa wa shina lake, ila unene wa ubao ni kina cha mbao yenyewe. Bomba ni mti na ubao kwa wakati mmoja: lina ukubwa wa nje, na lina ukuta. Bomba la mraba la 60 kwa 60 lenye ukuta wa milimita 1.5 lina uzito wa kilo 2.7 hivi kwa mita. Lenye ukuta wa milimita 3 lina kilo 5 na ushei. Yakipakwa rangi huwezi kuyatofautisha kwa macho, lakini la kwanza ni la fremu ya dirisha. Andika "bomba la mraba 60 × 60, ukuta milimita 3". Kwa bomba la duara tumia kipenyo, na useme ni cha nje au cha ndani, maana sahani yenye tundu la 50 haiingii kwenye bomba ambalo kipenyo chake cha ndani ni 50.

Uwe makini zaidi na geji, ile namba ya kutajia unene wa chuma. Namba ya geji ikipanda, ukuta unapungua: geji 16 ni takriban milimita 1.6, geji 14 ni 2, geji 12 ni 2.6, na geji 10 ni 3.2. Anayesema "niletee geji kubwa" huenda anataka chuma kizito, na muuza duka akampa chenye namba kubwa, yaani chembamba. Geji haipaswi kuitwa kubwa wala ndogo. Itajwe kwa namba, na bora zaidi itajwe kwa milimita. Bomba likishafika, kata kipande cha mita moja ukiweke kwenye mizani kabla hujaendelea. Mizani haina utata wa lugha.

"Upana 1200" nao haujasema unapimwa wapi. Baa ya mashindano, ya wanaume na ya wanawake, ina milimita 1310 kati ya kola mbili za ndani, zile zinazozuia sahani zisisogee kuelekea mikononi. Nguzo za stendi lazima zikae ndani ya nafasi hiyo. Ukiwa na 1200 nje kwa nje, unabaki na milimita 55 kila upande, na baa inatua kwenye ndoano bila shida. Kijana akipima 1200 ndani kwa ndani, ongeza nguzo mbili za 60, nje kwa nje inakuwa 1320. Kola zitagonga ndoano, na stendi nzima imeharibika kwa kukosa maneno matatu. Mafundi wanayo tayari maneno hayo: nje kwa nje, ndani kwa ndani, kati kwa kati. Ni Kiswahili safi, ni kifupi, na kila kipimo kiandikwe na mojawapo.

Kati kwa kati ndiyo iliyokosekana kwenye "kila baada ya 50". Tundu la 17 lina upana wake. Baada yake kunaanzia wapi? Anayepima kutoka ukingo hadi ukingo ataacha 50 za chuma katikati, na vitovu vya matundu vitaachana kwa 67. Nguzo zote mbili zikitobolewa hivyo zitalingana, kwa hiyo kosa halionekani mpaka ndoano yenye pini mbili ije kuingizwa, nayo imeundwa kwa 50. Andika "milimita 50 kati kwa kati", na mwelekeze apime kila tundu kutoka tundu la kwanza (50, 100, 150) badala ya kutoka tundu lililotangulia. Nusu milimita inayopotea kila mara hujilimbikiza, na kufikia tundu la ishirini imekuwa karibu sentimita nzima.

Sentensi yako ya "ukichoma pima kona" ina makosa mawili, moja la wakati na moja la jina. Kiambishi -ki- kinaonyesha sharti au mambo yanayokwenda pamoja: ukila usiongee. Hakitenganishi kilichotangulia na kinachofuata. Kijana atachomelea yote, kisha apime, naye atakuta mshono umeshapoa, umejikunja na kuvuta nguzo upande. Unachohitaji ni -kisha-: ukishashikiza, pima. Kushikiza ndilo neno la zile nukta za kwanza, za sentimita moja hivi, ambazo hushika kipande kwa muda. Lina ukoo na kishikizo cha nguo, na linaeleweka hata na asiyejua neno teki. Nukta ukiigonga inaachia na unarekebisha. Mshono mzima unahitaji grainda.

Kuna kosa la sarufi linaloandamana na hatua hii, nami ninaliona hata kwenye magazeti: "kabla haujachomelea". Nafsi ya pili ukanushi wake ni hu-, kwa hiyo wewe hujachomelea. Hau- ni ya ngeli ya u-, na mguu ndio ambao haujachomelewa.

Ama "kona", haijulikani kama ni pembe inayopimwa kwa skwea au ni umbali wa kona hadi kona. Huo umbali tunauita mshazari. Kwenye fremu ya 1800 kwa 1200, nje kwa nje, mishazari yote miwili isome karibu 2163. Ikitofautiana, fremu imekwenda upande hata kama skwea imeridhika kwenye kona moja.

Kufunga bolti nitalipita haraka. Mlango hufungwa, mzigo hufungwa, duka hufungwa. Kwa nati kuna vitenzi viwili vyenye mpangilio: unabana kwa vidole, halafu unakaza kwa spana. Nati zote zibanwe kwanza, skwea ipite, ndipo zikazwe. Ukiikaza ya kwanza kabla ya nyingine, matundu ya upande wa pili hayatakutana.

Kwa hiyo ningeyaandika maelekezo yako hivi:

"Kata bomba la mraba 60 × 60, ukuta milimita 3: vipande viwili vya kusimama vya 1800, na viwili vya kulala vya 1080. Kwenye vya kusimama, piga alama za matundu milimita 50 kati kwa kati, kila moja ipimwe kutoka tundu la kwanza, utoboe kwa drili hadi 17. Vya kulala vikae katikati ya vya kusimama, upana uwe 1200 nje kwa nje. Shikiza kona zote nne. Ukishashikiza, na kabla hujachomelea, pima mishazari miwili; ikitofautiana zaidi ya milimita 2, gonga nukta urekebishe. Chomelea kwa elektrodi ya 2.5, ampea 70 hadi 90, ukibadilisha kona kwa mkabala, usimalize kona moja kwa mkupuo. Gonga mavi ya chuma (ganda la juu ya mshono) kabla ya kupitisha mshono wa pili. Bana nati zote, kisha kaza."

Ni marefu kuliko yako karibu mara tano, na nadhani yanastahili. Angalia pia kwamba matundu yametangulia fremu. Nguzo ikiwa peke yake hulala vizuri chini ya drili. Kama bomba lina zinki, ongeza sentensi ya kuikwangua zinki sentimita tatu hivi kila upande wa kiungo, na kazi ifanywe mahali penye hewa, kwa kuwa moshi wake huleta homa.

Tumalizie dhamana. Kitenzi pinda kina sura mbili: fundi amepinda bomba, na bomba limepinda. Katika sura ya pili hakuna mtendaji anayetajwa. Tunaelezwa hali tu. Ukiandika "stendi ikipinda nitairekebisha", umejifunga hata kwa mteja aliyeiangusha kutoka kwenye gari. "Ikipindwa" nayo inamaanisha kuna mtu aliyeipinda, na haikuhusu kama kosa ni la ukuta mwembamba. Unavihitaji vyote viwili, kila kimoja na masharti yake: "Stendi ikipinda, au mshono ukiachia, kwa kubebeshwa jumla isiyozidi kilo 150 pamoja na baa, nitairekebisha bila malipo. Ikipindwa kwa kuangushwa au kugongwa, au ikitobolewa au kukatwa na fundi mwingine, mteja atalipia." Hiyo 150 ni mfano, weka kilo ulizoijaribia wewe kabla ya kuuza. Na maneno "jumla" na "pamoja na baa" usiyafute, kwa sababu wanaofanya mazoezi huhesabu kwa upande. Akikuambia ameweka 60, huenda ni 60 kila upande, na baa ya kilo 20 ikiongezwa jumla ni 140.