Umealikwa kijijini kwa mfanyakazi mwenzako China? Yamalize haya kabla ya kupanda basi

Waafrika Mashariki wengi tunaoishi Guangzhou tunaijua China ya Xiaobei na Sanyuanli, mitaa ya biashara ya jiji hilo: maduka ya jumla, mawakala wa mizigo, kontena la kufunga kabla ya Ijumaa, na jioni wali kwenye mgahawa wa Kiafrika. Mtu anaweza kukaa hapo miaka asikanyage nyumba ya Mchina hata moja. Kwa hiyo mwenzako wa kazini akikwambia, "Sikukuu ya Oktoba twende kwetu," usikatae. Ila usikubali kimya kimya. Kubali, kisha mkae mzungumze.

Mimi nilikwenda kwa dada mmoja tunayefanya naye kazi, yeye upande wa hesabu. Kwao ni wilaya ya Dabu, Meizhou, kaskazini mashariki mwa jimbo la Guangdong, mpakani na Fujian. Ni nchi ya Wahakka, jamii ya Wachina wenye lugha na upishi wao: milima, mashamba ya mabalungi, na vijiji ambavyo vimepeleka watu ng'ambo kwa vizazi. Ukoo wa Lee Kuan Yew, waziri mkuu wa kwanza wa Singapore, asili yake ni huko Dabu. Watu wa huko wanajua maana ya kupokea mgeni aliyetoka mbali, na wanajitoa kweli kweli.

Ndiyo sababu nasema mzungumze mapema. Ukishafika mezani muda umepita. Pale mwenzako ni mtoto wa watu, amekaa mbele ya baba, mama, bibi, wajomba na majirani waliokuja kumwona mgeni. Mama ameamka alfajiri kupika. Ukisogeza sahani pembeni, aibu inamwangukia mama, na mwenzako hana namna ya kukutetea bila kumvunjia mzazi wake heshima. Lakini ukimwambia wiki mbili kabla, atampigia mama simu na jambo litaisha lenyewe, bila mtu kuumia.

Anza na polisi, maana hilo ni la sheria. Mgeni wa nje asiyelala hotelini anatakiwa kuandikishwa polisi ndani ya saa 24 tangu afike. Hotelini wanakufanyia wenyewe mapokezi. Nyumbani kwa mtu ni kazi yako na ya mwenye nyumba. Sheria hiyo ya uhamiaji inatumika tangu 2013, na faini inaweza kufika yuan 2,000. Kijijini wengi hawaijui, kwa sababu hawajawahi kulaza mgeni kutoka nje. Mwambie mwenzako apige simu kituo cha polisi cha mji wao kabla ya safari, aulize mnahitaji nini. Chukua pasipoti yenyewe, kopi haitoshi, na kama una kibali cha ukaazi hakikisha hakijaisha. Baba mwenye nyumba aende na wewe na kitambulisho chake. Kwetu sisi polisi alitupokea vizuri, akauliza Tanzania iko upande gani wa Afrika, akaandika, tukaondoka. Lakini mzee wa watu alikuwa amevaa shati la kutokea, maana kwenda polisi si jambo dogo kwa mtu wa umri wake. Kumwandaa mapema ni adabu.

Sasa chakula, na hapa nakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi wetu tunapopata shida. Kama wewe ni Mwislamu, au hauli nguruwe kwa sababu yoyote, kusema "sili nyama ya nguruwe" hakutoshi. Upishi wa Kihakka umejaa nguruwe mahali usipomtarajia. Ile tofu nzuri iliyokaangwa na kujazwa katikati, ambayo kila nyumba inajivunia, ndani yake mara nyingi ni nguruwe wa kusaga. Tambi za asubuhi, zile kavu zinazochanganywa na vitunguu saumu vya kukaanga, zinalainishwa kwa mafuta ya nguruwe. Mboga za majani nazo zinaweza kukaangwa kwa mafuta hayo hayo. Mwenyeji wako hakudanganyi akisema hakuna nyama. Kwake mafuta si nyama. Kwa hiyo taja kila kitu: nyama, mafuta, supu ya mifupa, na sufuria iliyopikiwa nguruwe bila kuoshwa. Kisha mwambie unachokula, na hili ndilo muhimu zaidi, maana mama anayejua unachokula ana kazi ya kufanya, na mama anayejua usichokula tu amebaki na wasiwasi. Mimi nilisema samaki, mayai, mboga, wali, viazi vitamu, vyote kwa mafuta ya karanga. Mama alininunulia samaki wa bwawani akiwa hai, akampika kwa mvuke na tangawizi, na akanionyesha chupa mpya ya mafuta ya karanga ambayo bado ilikuwa na lakiri yake. Aliishika kwa mikono miwili, akaizungusha nisome, ingawa alijua sisomi Kichina. Hapo unamwelewa mtu bila mkalimani.

Kuku wao wa kuokwa kwenye chumvi ni maarufu, na watakusihi uonje. Kama suala lako ni kuchinja, liseme mapema vilevile. Pombe pia. Wahakka wanatengeneza pombe tamu ya mchele wa kunata, wanaipasha moto, na wanaiona karibu kama dawa. Ukinywa kikombe kimoja kwa heshima, cha pili huna sababu ya kukikataa. Kama hunywi, usionje kabisa, inua chai. Unapogonganisha na mzee, shusha kikombe chako kiwe chini ya chake. Hilo wataliona kabla ya lolote utakalosema.

Jambo jingine ambalo watu wanaliona dogo: mimi ni mwanamke na nilikwenda kwa mwanamke mwenzangu. Wewe mwanamume, ukialikwa na binti wa watu peke yako wakati wa sikukuu, kijiji kizima kitaelewa kwamba amekuja mkwe. Kama si hivyo, nendeni wafanyakazi watatu wanne. Mtamwepusha dada wa watu na maswali atakayoulizwa mwaka mzima.

Basi lenyewe, kwa kweli, ni sehemu rahisi. Kuna treni ya mwendokasi. Tangu 2024 reli mpya ya kupitia Longchuan imeiunganisha Meizhou na Guangzhou vizuri. Lakini tiketi za treni zinafunguliwa siku 15 kabla, na za sikukuu zinakwisha upesi. Basi nalo linakushusha karibu zaidi na kwao mwenzako. Tiketi inaandikwa jina na namba ya pasipoti, kwa hiyo nenda stendi mapema. Mashine nyingi zinasoma kitambulisho cha Kichina tu, na wewe itabidi upitie dirishani. Mizigo inapita kwenye mashine ya ukaguzi.

Angalia sana siku ya kuondoka. Katika sikukuu ya taifa inayoanza tarehe 1 Oktoba, magari madogo hayalipi ushuru wa barabara kuu, kwa hiyo kila mwenye gari anaingia barabarani asubuhi hiyo hiyo. Safari ya zaidi ya kilomita 400, ambayo barabara ikiwa nyeupe ni kama saa sita, inageuka ya kutwa. Omba ruhusa muondoke siku moja au mbili kabla, au subirini tarehe 3.

Mabasi mengi hayana choo, au kipo kimefungwa. Gari linasimama kwenye vituo vya mapumziko vya barabara kuu. Vyoo ni vya kuchuchumaa na karatasi ubebe mwenyewe. Piga picha namba ya basi lako kabla ya kushuka, kwa sababu utarudi ukute mabasi kumi ya rangi moja yamejipanga. Maji ya moto yapo bure, ndiyo maana kila abiria ana chupa ya chai. Chakula cha uhakika kwa Mwislamu hapo ni mahindi ya kuchemsha, viazi vitamu na mayai, lakini mimi nilifunga chapati zangu kutoka nyumbani. Baada ya barabara kuu inaanza milima na kona. Kama unatapika safarini, kaa mbele na uwe na mfuko mkononi.

Ukisafiri peke yako ukimfuata mwenyeji aliyetangulia, mwombe akuandikie kwa herufi za Kichina jina la mji mdogo, la kijiji, na namba yake ya simu, kwenye karatasi. Simu inaweza kuzima. Mpe kondakta karatasi hiyo unapopanda, usingoje mpaka mkaribie. Mwenyeji akizungumza na dereva kwa simu, utashushwa njia panda ya kwao badala ya kupelekwa stendi ya wilaya.

Mkifika, salimia wakubwa kwanza. Kama kwetu, mtu mzima haitwi jina. Muulize mwenzako njiani nani ni nani, na bibi umwite Apo kama wajukuu wake wanavyomwita. Programu ya kutafsiri kwenye simu itakusaidia kwa vijana, lakini wazee wengi wanazungumza Kihakka, na simu hiyo haiwaelewi. Chai itamiminwa vikombe vidogo, tena na tena. Kila unapomiminiwa, gonga meza taratibu kwa vidole viwili, ndiyo shukrani ya Guangdong. Utaulizwa umri, mshahara, kama umeolewa, na mbona bado. Hawakukosei adabu. Jibu unachotaka kujibu, kisha uliza na wewe.

Huenda ukapelekwa kwenye jumba la zamani la ukoo, lile lenye bwawa la nusu duara mbele, na familia ikawasha udi mbele ya majina ya waliotangulia. Mimi nilikuwa nimeshamwambia mwenzangu kwamba dini yangu hainiruhusu kushika udi ule, lakini kusimama kwa heshima naweza. Baba yake aliambiwa kabla. Nikasimama nyuma na watoto, nimekunja mikono, mpaka wakamaliza. Hakuna aliyenitazama vibaya.

Zawadi: boksi la matunda au la maziwa linunueni hukohuko mjini, msibebe kutoka Guangzhou. Kutoka nyumbani Tanzania, korosho zinapendwa mno. Mfuko wa korosho za Mtwara ulizungushwa nyumba tatu. Toa kwa mikono miwili, na usishangae wakizikataa mara ya kwanza na kuziweka pembeni bila kufungua. Watoto na bibi wape bahasha nyekundu. Kiasi mwulize mwenzako, kwa sababu ukizidisha unamlazimisha baba arudishe zaidi.

Acha nafasi kwenye begi la kurudia. Utapewa mabalungi, mboga zilizokaushwa, chai, na mama atakufuata mpaka mlangoni na mfuko mwingine. Pokea. Tiketi ya kurudi inunue siku unayofika, kwa sababu mwisho wa likizo wote mnarudi mjini pamoja. Ukifika salama mtumie mama ujumbe wa sauti siku hiyo hiyo, hata kama ni wa Kiswahili, mwenzako atamfasiria. Na Idi ikifika, mwenzako huyo awe wa kwanza kualikwa kwako, umwulize mapema anakula nini.