Kwa nini ishara zinapotea njiani?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninajifunza lugha ya C kwenye Linux, na nimeandika programu mbili zinazopelekeana maneno kwa ishara za mfumo endeshi (signals, yaani taarifa fupi ambazo programu moja huipelekea nyingine). Ishara ya SIGUSR1 nimeifanya sifuri na ya SIGUSR2 nimeifanya moja, kisha kila herufi naituma biti nane (kila biti ni sifuri au moja), moja baada ya nyingine. Neno fupi mara hufika salama, mara hufika limevurugika. Aya nzima haisomeki kabisa. Nimemlaza mtumaji mikrosekunde 100 kati ya biti na biti, na makosa yamepungua lakini hayajaisha. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, tatizo linaanzia pale ulipodhani kwamba mfumo unazihesabu ishara unazotuma. Keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, haiweki foleni ya ishara za kawaida. Kwa kila aina ya ishara, mchakato, yaani programu inayoendeshwa, hutunziwa alama moja tu ya kuonyesha kwamba ipo inayosubiri. SIGUSR1 ya pili ikifika kabla ya ya kwanza kupokelewa, inakuta alama imekwisha kuwekwa, nayo inapotea kimya kimya, wala mtumaji haambiwi lolote, kwa sababu kill, fanksheni ya kutuma ishara, humrudishia sifuri kana kwamba mambo yamekwenda sawa.

Chukua herufi A kubwa, ambayo kwenye kompyuta huandikwa kwa namba 65, yaani 01000001 kwa biti. Katikati yake mna sifuri tano mfululizo. Mpokeaji akicheleweshwa kidogo tu na programu nyingine, sifuri hizo zinaweza kumfikia zikiwa tatu, au hata moja. Biti za herufi inayofuata zinasogea kuziba pengo, na tangu hapo kila herufi inakatwa mahali pasipo pake. Ndiyo maana biti moja ikipotea, aya nzima inaharibika. Tena SIGUSR1 na SIGUSR2 zikisubiri kwa pamoja, hakuna hakikisho kwamba zitapokelewa kwa mpangilio uliozituma.

Kumlaza mtumaji hakutibu ugonjwa huu, kwani hakuna muda unaoweza kuuchagua ukawa na hakika kwamba mpokeaji atakuwa amekwisha kupewa zamu yake. Dawa ni mpokeaji kuitikia. Sajili fanksheni ya kupokea (ile inayoitwa ishara ikifika) kwa sigaction ukitumia SA_SIGINFO, usome namba ya mtumaji katika si_pid, na kila biti ikishaandikwa umrudishie SIGUSR1. Mtumaji asitume biti nyingine mpaka aitikiwe. Hapa wengi hunaswa: wakitumia pause kusubiri, jibu huweza kuingia kabla pause haijaanza, na mtumaji akalala asiamke tena. Izuie SIGUSR1 kwa sigprocmask kabla ya kutuma, kisha usubiri kwa sigsuspend, ambayo hufungua kizuizi na kulala kwa tendo moja lisilokatika. Kwa upande wa mpokeaji, ziweke ishara zote mbili katika sa_mask, orodha ya ishara zinazozuiwa fanksheni ya kupokea ikiwa kazini, na umwashe yeye kwanza, kwa sababu mchakato usiosajili SIGUSR1 huuawa nayo.

Naomba pia uiondoe printf, fanksheni ya kuchapisha maneno, ndani ya fanksheni ya kupokea kama umeiweka humo. Ishara ikiingia wakati programu yenyewe iko katikati ya printf nyingine, matokeo hayatabiriki, na programu inaweza hata kukwama. Tumia write, ambayo ni salama humo.

Ukitaka foleni ya kweli, zipo ishara kuanzia SIGRTMIN hadi SIGRTMAX, ambazo hupangwa kwa zamu na, zikitumwa kwa sigqueue, hubeba namba kamili, hivyo herufi nzima inasafiri kwa ishara moja. Foleni ina kikomo. Ikijaa, sigqueue hurudisha kosa EAGAIN, na hilo angalau utalijua. Hata hivyo, kwa kazi halisi mimi ningepitisha maneno kwenye bomba (pipe) au soketi (socket), njia za kupitishia data kati ya programu, na ishara nikaiachia kazi yake ya kubisha hodi: funga, soma upya mipangilio, mchakato mtoto uliouanzisha umemaliza.