Re: Mama hagusi chumvi mezani lakini presha bado 150/95

Pole dadangu, nimekuelewa, mama ameacha kunyunyiza chumvi mezani lakini mashine bado yasoma 150/95 na nyote mwashangaa. Angalieni sufuria kwanza. Umesema hakosi papa mkavu na achari, basi chumvi imejificha hapo hapo, tena ongeza mkate, zile kyubu za mchuzi na mihogo ya kuchoma ya Lighthouse pale Mombasa inayopakwa pilipili na chumvi.

Chumvi huvuta maji yakabaki mwilini, damu yawa nyingi, mishipa yasukumwa mchana na usiku mpaka yakakamaa, baadaye moyo na figo ndo zaumia. WHO, shirika la afya duniani, wasema isifike gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko cha chai, na hiyo ni chumvi ya vyakula VYOTE.

Kwangu papa twamroweka usiku kucha, maji twamwaga na kubadilisha, halafu mchuzi hautiwi chumvi tena, ukwaju na thomu na pilipili manga zatosha. Punguza kidogo kidogo, ukikata ghafla mzee atasusa chakula (wazee wetu hao!), ulimi huzoea baada ya wiki kadhaa.

Ile chumvi mbadala ya potasiamu usimpe kabla ya kuuliza daktari, haswa kama ana shida ya figo au anameza dawa za presha kama enalapril ama losartan. Dawa asiache hata presha ikishuka. Na ikifika 180/120 na kifua chauma, pumzi yabana, mdomo waenda upande au mkono umekufa ganzi, usingoje asubuhi, kasualti moja kwa moja.