Wazee wa kanisa wanataka niache kazi

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu wa hisabati wa sekondari na mke wa mchungaji, na ndoa yetu ina miaka 23. Naongoza idara ya wanawake, natembelea wagonjwa na nafundisha vijana wanaojiandaa kufunga ndoa. Sasa baraza la wazee limeomba niache ualimu niwe na mume wangu katika huduma muda wote. Wanasema mtu hawezi kuitumikia madhabahu kwa moyo nusu. Mume wangu hajakubali wala kukataa, ananiambia tu niombe. Kweli nimechoka, lakini darasa halinichoshi. Kinachonichosha ni kwamba tukikaa wawili tunazungumza ratiba, michango, misiba na ugomvi wa kwaya, basi. Binti yetu wa mwisho naye amegoma kuimba na watu wanauliza kulikoni. Tangu tuoane tunaishi nyumba ya kanisa. Je, kuipenda kazi yangu ni dalili kwamba sikuitwa? – Mke wa mchungaji

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiache kazi. Nimetanguliza jibu kwa kuwa najua unavyolisubiri. Sasa nikueleze kwa nini.

Nilikuwa mkunga miaka yote mume wangu alipokuwa akichunga kanisa, mpaka sote wawili tukastaafu. Wodi ya wazazi ilinifikisha kwa watu ambao mimbari haikuwafikia. Namkumbuka mama mmoja aliyenieleza anavyopigwa nyumbani huku nikimpima presha. Kila Jumapili alikaa viti vya mbele akitabasamu, na kamwe asingethubutu kubisha hodi ofisini kwa mchungaji. Usiku wa zamu yangu mume wangu alinipigia pasi sare, akabaki na watoto huku akiandaa mahubiri. Hatukuwahi kuambiana kwamba yeye yuko kwenye huduma na mimi niko kazini. Nilipotoka asubuhi alinipokea akiuliza ni akina nani wamejifungua salama na nani tumwombee.

Wazee wako wanaijua habari ya Akila na Prisila, maana hawa hutajwa karibu kila semina ya ndoa. Waulize kama wameisoma Matendo 18 polepole. Wawili hawa walifukuzwa Rumi pamoja na Wayahudi wengine kwa amri ya Kaisari Klaudio, wakafika Korintho, na Paulo akaenda kukaa kwao kwa sababu kazi yao ilikuwa moja: kushona mahema. Urafiki ule ulianzia kwenye kazi ya mikono. Baadaye, kule Efeso, walimchukua Apolo, mhubiri hodari, wakamfundisha vizuri zaidi, na mwalimu mmojawapo alikuwa mwanamke. Kanisa lilikutana nyumbani kwao. Popote Maandiko yanapowataja, wanatajwa wote wawili, na mara nyingi jina la Prisila ndilo linalotangulia. Sijaona mahali anapoambiwa aweke sindano chini ili aonekane ameitwa.

Sasa hiyo nyumba mnayoishi. Hapa nakuomba unisikilize kwa makini, kwa sababu barua yako imeipitia kwa sentensi moja tu na mimi ndiyo iliyonikosesha usingizi. Nimewasaidia wajane wa wachungaji kufunga mizigo. Matanga yanaisha, wageni wanaondoka, kisha linakuja neno la upole kwamba mchungaji mpya anahitaji pa kuishi. Hakuna mwenye nia mbaya. Nyumba ni ya kanisa kweli. Lakini mwanamke aliyewahudumia watu wale ujana wake wote anatoka pale akiwa hana kiwanja, hana pensheni, na hajui hata kama mume wake aliwahi kuchangiwa kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii. Wengine kati yao walikuwa na kazi, wakaziacha kwa ombi kama hili uliloletewa wewe.

Martin Luther, yule mwanamatengenezo wa kanisa wa Ujerumani, aliliona jambo hili zamani. Alimwoa Katharina von Bora mwaka 1525, wakaishi katika jengo lililokuwa makao ya watawa mjini Wittenberg. Katharina ndiye aliyeiendesha nyumba ile: alilima, alifuga, alitengeneza bia, aliwapangisha wanafunzi, na wakati huohuo alilea watoto. Ndiyo maana mumewe alipata nafasi ya kuandika na kufundisha. Mwaka 1542 Luther aliandika wosia akimfanya mkewe mrithi wake, ingawa sheria ya Saksonia ilitaka mjane awe na wasimamizi. Luther alipofariki mwaka 1546 wasimamizi waliteuliwa hata hivyo, kisha vita vikaharibu mali zake. Katharina alifariki mwaka 1552 baada ya miaka ya kuhangaika. Hata hivyo, mumewe alikuwa ameandika mapema, kwa mkono wake, kwamba anamwamini mkewe. Wachungaji wangapi leo wameandika hata hayo?

Kwa hiyo kabla ya kulijibu baraza, kaeni wawili na karatasi. Mume wako amwombe mhazini kumbukumbu za michango yake ya pensheni, azisome mwenyewe, aangalie kama inapelekwa kila mwezi na ni nani aliyeandikwa kuwa mnufaika. Mkiwa na kiwanja, hati iwe na majina yenu yote mawili. Kama hamna, anzeni sasa, na mshahara wako ndio utakaowasaidia. Andikeni wosia, kila mmoja wake. Asikwambie mtu kwamba huko ni kukosa imani. Yusufu aliweka akiba ya miaka saba kwa sababu Mungu alimwonyesha njaa inakuja.

Kuhusu mazungumzo yenu, fungua Kutoka 18. Sura hii husomwa sana kwenye mafunzo ya uongozi, kwa ajili ya ushauri wa Yethro, baba mkwe wa Musa, kwamba Musa agawe kazi kwa wasaidizi. Mistari inayotangulia huwa inarukwa. Yethro hakuja mikono mitupu. Alimletea Musa mkewe Sipora na wanawe wawili, Gershomu na Eliezeri, waliokuwa wamerudishwa kwa babu yao. Mzee yule aliirudisha familia kwanza, kesho yake ndipo akazungumzia mzigo wa kazi. Naamini mpangilio ule una maana, na mume wako anahitaji kuusikia kutoka kwako, kwa upole, siku ambayo hamkimbilii kikao.

Sisi Jumatatu ilikuwa yetu. Simu ilikaa droo ya kabati, na mzee mmoja wa kanisa alijua namna ya kutupata kama kuna msiba. Miezi ya mwanzo tulikaa kimya kama wageni, maana habari za kanisa tulikuwa tumekatazana na nyingine hatukuwa nazo. Tukaanza kusomeana magazeti. Kisha tukaanza kubishana kuhusu tuliyosoma, na polepole nikamwona tena yule kijana mbishi aliyenichumbia. Mtakuwa na kimya hicho pia, kivumilieni.

Binti mwacheni. Hakuajiriwa na kanisa. Wakiuliza, baba yake ajibu kwamba ni uamuzi wake na anauheshimu, halafu abadilishe mazungumzo.

Umeuliza kama uliitwa. Mwanangu, mtu anayefundisha watoto wa watu hesabu mchana na jioni akashika mkono wa mgonjwa, mimi sioni ni wapi wito huo umepungua. Jibu la baraza asilipeleke mwingine ila mume wako. Usiende wewe, wala usiandike barua. Asimame yeye mbele ya wazee wenzake aseme kwamba mmekaa, mmeomba, na mke wake anaendelea na kazi. Wakimpa tarehe ya kujibu na bado hamjamaliza kuongea, aombe muda zaidi.