Seli ya jua ya rangi: nitafute ua lililokolea zaidi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimetengeneza seli ya jua kwa kioo kinachopitisha umeme, unga wa titani dioksidi, elektroliti ya iodidi (kimiminika kinachorudisha elektroni kwenye rangi) na rangi niliyochuja kutoka maua ya rosela. Kwenye jua kali napata volti 0.42 na mkondo wa miliampea 1.2 kwa kila sentimita ya mraba. Nikipata ua lililokolea zaidi, ufanisi utapanda? Nataka seli ya bei nafuu lakini yenye nguvu.

JIBU: Marahaba, na hongera kwa kupima vizuri. Tuanze na hesabu. Seli haitoi volti yake ya juu na mkondo wake wa juu kwa wakati mmoja, kwa hiyo zidisha 0.42 kwa 1.2, kisha kata nusu. Unabaki na miliwati 0.25 hivi. Jua kali huleta miliwati 100 kwenye eneo hilo hilo, basi ufanisi wako ni kama asilimia 0.25. Wanakemia Brian O'Regan na Michael Grätzel walipotangaza seli yao ya aina hii mwaka 1991 walivuka asilimia 7, na titani dioksidi ilikuwa hiyo hiyo.

Kukolea kwa rangi hakutakusaidia. Inayofanya kazi ni safu moja tu ya molekuli iliyogusa titani dioksidi, kwani huko ndiko rangi hupeleka elektroni inazotoa ikipigwa na mwanga. Zinazorundikana juu yake hula mwanga bila kupeleka elektroni popote. Cha kuangalia ni namna rangi inavyoshika. Rangi nzuri za maabara zina kundi la kaboksili (kikundi cha atomi chenye tabia ya asidi), ambalo hujifunga kwenye titani dioksidi na kuwa daraja la elektroni. Anthosianini, yaani rangi nyekundu ya rosela, hushika kwa haidroksili zake (vikundi vya oksijeni na hidrojeni), lakini hunyonya sehemu ndogo tu ya mwanga na huchakaa upesi juani. Wengi huniuliza pia kuhusu klorofili ya majani: ina mkia mrefu unaofanana na mafuta na haina kaboksili iliyo huru, ndiyo maana hushika kwa shida. Suuza kioo chako kwa ethanoli safi. Rangi ikitoka yote, haikuwa imeshika.

Ningekuwa wewe ningeshughulikia unga kwanza. Chembe ziwe za nanomita 20 hivi, tabaka liwe na unene wa maikromita 10 baada ya kuokwa nusu saa kwa nyuzi 450 za Selsiasi. Hapo eneo la ndani la kushikia rangi huwa mamia ya mara ya eneo la kioo. Kisha usingoje kioo kipoe kabisa: kikifika nyuzi 80 kitumbukize kwenye rangi. Kikipoa hewani, unyevu hukalia nafasi za rangi, na kosa hili dogo huharibu seli nyingi za wanafunzi.

Kuhusu volti, anayekubana ni iodidi. Inairudishia rangi elektroni haraka, lakini nishati nyingi hupotea njiani, hivyo hata seli bora za iodidi huishia karibu na volti 0.7. Mwaka 2011 elektroliti ya kobalti pamoja na rangi ya porfirini, molekuli ya jamii ya klorofili, ilifika ufanisi wa asilimia 12.3. Baadaye elektroliti za michanganyiko ya shaba zilivuka volti 1. Lakini hizo hudai rangi zenye matawi marefu ya kuzuia elektroni zisirudi nyuma, kwa hiyo rangi na elektroliti huchaguliwa kwa pamoja.

Upande wa gharama, rutheni, metali ghali ya rangi nyingi za maabara, unaweza kuiacha: rangi za kikaboni zisizo na metali hunyonya mwanga kwa nguvu zaidi, na tabaka jembamba linatosha. Platinamu inayopakwa kwenye kioo cha pili, kile kinachorudisha elektroni kwenye elektroliti, ibadilishe kwa kaboni, hata grafiti au masizi. Kinachokula pesa hasa ni kioo kinachopitisha umeme. Upande mmoja tu ndio unaohitaji kupitisha mwanga. Mwingine unaweza kuwa bati jembamba la titani, kwa sababu iodini hutafuna metali nyingi lakini titani huistahimili.

Ukishaipika upya, ipime pia chini ya taa ya chumbani. Seli hizi zenye elektroliti ya shaba zimefika karibu asilimia 30 kwenye mwanga huo hafifu, na huko ndiko ningeielekeza kazi yako.