Jökulsárlón na mama: pandeni boti ya magurudumu

Dada, umeuliza kama mama yako wa miaka 70, anayesumbuliwa na magoti, ataweza ziara ya boti kati ya vilima vya barafu vinavyoelea kwenye ziwa la Jökulsárlón, Iceland. Ataweza, ila msipande boti za mpira: zinakwenda kasi na kurukaruka, mgongo utamuuma. Chukueni ile kubwa yenye magurudumu. Mnapandia nchi kavu (mshike mkono kwenye ngazi), kisha inajitosa ziwani, kama nusu saa hivi. Majira ya baridi boti hizi hazitembei. Hata Julai mvalishe glavu na kofia ya sufu. Kiongozi huonyesha pande la barafu, angavu kama kioo, akawamegea muonje. Mpe mama shikamoo yangu.