Simu ya kukunja inaweza kuonyesha baba yuko wapi?

SWALI: Asalamu alaykum. Baba yangu mvuvi, sie watu wa Kojani, Pemba, na sasa hivi yuko dago (kambi ya wavuvi) upande wa Tanga. Kaka alie Oman kamletea simu ya kukunja, maana hizi za kutachi mzee hazitaki kabisa, anasema zinabonyezeka zenyewe. Tunataka tuiwashe lokesheni ili tujue alipo hata akiwa baharini. Nshatafuta kwenye menyu mpaka nimechoka, sioni kitu. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykumu salamu dada yangu. Ungetaja simu gani ningekujibu kwa mkato, maana zinafanana kwa nje tu. Nokia 2720 Flip ya 2019 inatumia KaiOS (mfumo unaoiendesha simu) na GPS inayo, yaani kile kifaa cha kujua ilipo kwa setilaiti, lakini Nokia 2660 Flip ya 2022 haina kabisa, hiyo utatafuta mpaka kaskazi igeuke kusi. Tazama boksi, ukiona pameandikwa GPS au A-GPS basi umo, usipoona usijisumbue.

Kama ni ya KaiOS ingia setingi, nenda sehemu ya mtandao (palepale penye waifai na blututhi), utakuta Geolocation, iwashe. Halafu ukifungua ramani itakuuliza kama unairuhusu ijue ulipo, kubali, watu wengi hapo hubonyeza hapana kwa haraka kisha wanasema simu mbovu.

Mara ya kwanza fanyeni uwanjani, mbingu iwe wazi, si ndani chini ya bati, na simu iwe na bando. Setilaiti zenyewe ziko juu kama kilomita 20,000 na simu inataka ishike angalau nne ndo ijue ipo wapi, sasa ikiwa na intaneti inavuta habari za setilaiti kwa haraka, bila intaneti inazisubiri kutoka kulekule juu na inaweza kuchukua dakika kadhaa, kwa hiyo mzee asikate tamaa akaifunika.

Sasa dada, nisikilize hapa. Kuwasha hiyo kitu kunamjuulisha BABA alipo, wewe hakukujuulishi. Simu inapokea tu kutoka setilaiti, haizijibu, na ili habari ikufikie wewe Kojani lazima ipite kwenye mnara wa simu kama meseji yoyote. Akitoka nje sana mnara hakuna, simu itajua ilipo na itanyamaza nayo. Na WhatsApp usiitegemee, kwenye KaiOS haipakuliki tena tangu katikati ya 2024.

Mie ningefanya hivi: mtafutieni ramani au programu inayoonyesha zile namba mbili za latitudo na longitudo, akifika dago au kabla hajatoka, maadamu mtandao upo, azitume kwa meseji ya kawaida. Wewe unazibandika kwenye ramani ya simu yako basi. Chake Chake kwa mfano ni karibu -5.25, 39.77, na ile alama ya kutoa msiisahau maana ndiyo inayosema kusini ya ikweta, ukiiacha ramani itakwambia mzee anavua Ethiopia 😄

Ila kama hofu yenu ni bahari yenyewe, hela ya kaka bora iende kwenye redio ya VHF ya mkononi na maboya ya kuvaa kwa chombo kizima. Chaneli 16 ndo ya kuombea msaada na chombo kingine kilicho karibu kinaweza kumsikia bila ya mnara wowote.

SWALI: Jirani kaniambia ukibonyeza *#06# unaona mume wako yuko wapi. Kweli? (Msomaji, Wete)

JIBU: Uongo mtupu. Hiyo inakuonyesha IMEI ya simu uliyoishika wewe mkononi, yaani namba yake ya utambulisho, mume hayumo humo. Kampuni ya simu inaweza kujua laini iko karibu na mnara gani lakini wewe hawakupi, hiyo ni mpaka polisi na sababu ya maana. Ila IMEI iandike kwenye daftari, simu ikiibiwa watakuuliza. Mume mpigie tu.